Mwenza wa Mwanafunzi Naye Ana Mikono

Kijana wa miaka 22 akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, nyumba nzima hushangilia na mjomba mmoja hujitolea nauli. Mtu wa miaka 35 akiipata nafasi hiyo hiyo, akiwa na mwenza, watoto wawili na msingi wa nyumba Kibaha unaosubiri matofali, shangwe huchanganyika na hesabu. Watoto watabaki na nani? Mshahara upi utaendelea kuingia? Na familia ikihama yote, yule asiyesoma atafanya nini huko?

Swali hilo la mwisho ndilo serikali za nchi tajiri zimekuwa zikilijibu upya tangu mwaka 2023, na karibu kila jibu jipya ni kali kuliko lililotangulia. Tuanze na Kanada, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na ukarimu mkubwa. Kwa miaka mingi mke au mume wa mwanafunzi wa kutwa katika chuo kinachotambuliwa aliweza kuomba kibali cha kazi kisichomfunga kwa mwajiri mmoja. Alilipa dola 255 za huko na kusubiri, na akikipata aliweza kupanga bidhaa ghalani leo na kuhudumu hotelini kesho, ilimradi apatikane mwajiri wa kumchukua. Mwanafunzi mwenyewe alibanwa saa za kazi wakati wa muhula, kwa kawaida 20 kwa wiki (tangu Novemba 2024 ni 24), lakini mwenza hakuwa na kikomo. Familia nyingi zilifunga safari kwa kutegemea mpango huo. Mmoja anasoma, mwingine anafanya kazi, kodi ya nyumba inalipwa, na kidogo kinachosalia kinarudi kwa bibi anayelea watoto.

Tarehe 22 Januari 2024, Marc Miller, aliyekuwa Waziri wa Uhamiaji wa nchi hiyo, alitangaza kwamba vibali vipya vya masomo kwa mwaka huo vitawekewa kikomo cha takriban 360,000, pungufu ya asilimia 35 kuliko mwaka uliotangulia. Magazeti yalishika namba hiyo. Waliokuwa na ndoa walisoma chini zaidi, pale palipoelezwa kwamba kibali cha kazi cha mwenza sasa kitakuwa cha wanaosoma uzamili na uzamivu, pamoja na fani chache kama udaktari na sheria. Mwaka mmoja baadaye, 21 Januari 2025, wakakaza tena: uzamili wenyewe lazima uwe wa miezi 16 au zaidi. Fani nyingine zilizonusurika ni pamoja na meno, famasia, tiba ya mifugo, uuguzi, ualimu na uhandisi wa ngazi ya shahada.

Waliobaki nje ni rahisi kuwataja. Ni mhasibu aliyekwenda kuchukua stashahada ya miaka miwili katika chuo cha Ontario. Ni meneja wa hoteli wa Zanzibar anayesomea uendeshaji wa utalii. Ni mwalimu mkuu aliyechagua uzamili wa mwaka mmoja kwa sababu mwajiri wake alimpa ruhusa ya mwaka mmoja tu. Huyu wa mwisho ndiye kichekesho cha sheria yote: anayemaliza haraka, analipa ada yake na kurudi kazini kwake ndiye anayenyimwa, anayekaa miezi 16 ndiye anayeruhusiwa. Kama nia ilikuwa kupunguza watu wanaokuja kukaa, sijui ni nani aliyeishika rula upande huo.

Uingereza ilitangulia kidogo, na ilitumia panga badala ya kisu. Tarehe 23 Mei 2023 Suella Braverman, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, alitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2024 mwanafunzi hataweza tena kuja na mwenza wala watoto, isipokuwa anasoma shahada ya utafiti au amefadhiliwa na serikali kwa masomo ya zaidi ya miezi sita. Hoja yake ilikuwa na takwimu. Katika mwaka ulioishia Desemba 2022 viza takriban 136,000 zilitolewa kwa wategemezi wa wanafunzi, wakati mwaka 2019 zilikuwa 16,000 hivi. Ni kweli ongezeko hilo ni la kushtua, na serikali yoyote ingeuliza maswali. Jambo moja la haki nitaisemea Uingereza, hata hivyo. Anayefaulu kuingia na mwenza wake wa uzamivu anaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote, ukiondoa michezo ya kulipwa. Mlango ni mwembamba, lakini aliyeupita yuko ndani kweli.

Kupita kwenyewe ni kwa fedha. Kwa viwango vya mwaka 2024, mwenza wa mwanafunzi alitakiwa kuonyesha pauni 845 kwa mwezi kama anakwenda London, au 680 kama ni kwingineko, hadi miezi tisa. Piga hesabu: pauni 7,605 za London zikae benki kwa kichwa kimoja tu, mbali na za mwanafunzi mwenyewe. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa kila mmoja, inayolipwa yote kwa mkupuo kabla ya viza kutoka. Kwa masomo ya miaka minne hiyo peke yake inapita pauni 3,000. Mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu chetu hana fedha hizo chini ya godoro. Atauza kiwanja, atakopa benki kwa dhamana ya mshahara, au ataomba ndugu. Na atakayelirudisha deni hilo ni yule mwenza atakayepata kazi Leeds au Glasgow, kwa sababu posho ya ufadhili imepimwa kwa tumbo moja.

Sasa Marekani, ambako mambo ni mabaya kwa namna nyingine. Huko mwanafunzi wa kawaida huingia kwa viza ya F-1, na mwenza wake hupewa F-2. Mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi. Hakuna saa 20 wala 10, hakuna ombi la kupeleka ofisi fulani likafikiriwa. Haruhusiwi, basi. Kwa kuwa haruhusiwi kazi, kwa kawaida hapati namba ya hifadhi ya jamii, ile ambayo Marekani huulizwa kwa kila jambo, kuanzia mkopo hadi mkataba wa simu. Kusoma kwenyewe kulikuwa kwa kujifurahisha tu mpaka mwaka 2015, kanuni ziliporekebishwa ili aweze kuchukua masomo ya saa chache kwa wiki. Akitaka kusoma kwa kutwa, abadili viza naye awe mwanafunzi, alipe ada naye.

Fikiria mtu mzima katika hali hiyo. Dar es Salaam alikuwa ofisa mikopo, watu walimwamkia mlangoni. Sasa yuko katika mji wa chuo huko Ohio au Indiana, ghorofa ya pili, Januari, theluji hadi dirishani. Mwenzake ameondoka saa mbili asubuhi kwenda maabara na atarudi usiku. Kadi ya benki ni ya mwenzake. Gari, kama lipo, analo mwenzake. Akitaka kununua vocha ya kumpigia mama yake anaomba hela. Na ndoa ikivunjika, ukaazi wake unavunjika nayo, kwa sababu hana haki yoyote ya kuwepo nchini isipokuwa kupitia jina la mwenzake. Mwanamke aliyezoea kutunza nyumba anaweza kuvumilia mwaka mmoja hivi akijisemea ni kwa ajili ya watoto. Mwanamume wa kwetu, aliyelelewa kuamini kwamba baba ni yule anayeleta, huanza kuoza kutoka ndani. Vijiweni wanamwita "aliyemfuata mke", na kicheko hicho kinamfikia hata akiwa Indiana, kwa simu. Wapo wanaotoroka kufanya kazi kwa siri jikoni mwa mgahawa, wakilipwa nusu ya haki yao, wakiomba Mungu ofisa wa uhamiaji asipite. Wapo wanaorudi nyumbani kabla ya mwaka. Wapo, na hili halisemwi sana kwenye vikao vya familia, wanaoanza kupiga.

Ninachoamini ni hiki. Nchi ina haki ya kusema mwenza wa mwanafunzi asije. Ni uamuzi mgumu, nami siupendi, lakini ni wa wazi. Familia inajua na inapanga. Nchi ikishamruhusu kuja, imruhusu kufanya kazi. Kumpokea mtu mzima mwenye afya na ujuzi, kisha kumkataza kujilisha, ni kumfanya mzigo kwa amri ya serikali, na baadaye kumwonyesha kidole kwamba wageni ni mzigo. Kati ya njia zote zilizopo, hiyo ya Marekani ya kufungua mlango na kufunga mikono ndiyo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko hata panga la Uingereza.

Najua majibu ya upande wa pili, na sitayapuuza, maana yana ukweli mchungu. Nenda Punjab, jimbo la kaskazini mwa India. Sheria ya zamani ya Kanada ilizaa huko biashara ya ndoa ambayo magazeti ya India yameiandika kwa miaka. Msichana aliyefaulu vizuri mtihani wa Kiingereza wa IELTS alitafutwa kama dhahabu. Familia ya mvulana aliyeshindwa mtihani huo ilijitolea kulipa ada yote ya msichana huyo chuoni Kanada, kwa sharti la ndoa. Akifika, amwombee "mumewe" kibali cha kazi. Matangazo ya kutafuta wachumba yaliandika alama za IELTS waziwazi. Mahari yakageuka: upande wa mume ndio uliokuwa ukilipa, na kilichonunuliwa ni alama saba za Kiingereza. Wasichana wengine walifika na kutupwa, wavulana wengine walilipa ada na kuachwa, kesi zikajaa vituo vya polisi.

Kwetu hatujafika huko, lakini tusijifanye watakatifu. Ukipita mitaani Dar es Salaam au Nairobi utakutana na mawakala wanaouza "kifurushi cha familia": chuo, barua, viza, na kama huna mwenza, watakutafutia. Vyuo vidogo vya binafsi huko Kanada navyo vilijua wanachouza. Vilikuwa na madarasa yasiyotosha nusu ya waliosajiliwa, kwa kuwa waliosajiliwa hawakutarajiwa kuingia darasani. Mwishoni mwa mwaka 2023 Kanada ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wenye vibali vya masomo, na kodi za nyumba Toronto na Vancouver zilikuwa zimepanda hadi wenyeji wenyewe wakalia. Waziri katika hali hiyo lazima afanye kitu.

Swali ni je, alishika penyewe? Udanganyifu ulikuwa katika vyuo na katika ndoa za kununua. Dawa iliyotolewa imepima kitu cha tatu kabisa, yaani ngazi na urefu wa masomo. Mwenye ndoa ya kununua akiwa na fedha za kutosha atajiandikisha uzamili wa miezi 18 na mkewe wa karatasi atapata kibali kama kawaida. Mwenye ndoa ya miaka 11 anayesomea stashahada ya umeme wa viwandani atakosa. Ningeelewa kama serikali ingesema kibali cha mwenza kitatoka baada ya mwanafunzi kufaulu muhula wa kwanza, na chuo kithibitishe mahudhurio. Hapo chuo cha kitapeli kinaumbuka chenyewe, na bwana harusi wa kukodi anakosa subira. Hilo lingehitaji maofisa wa kufuatilia, na maofisa ni ghali. Kufuta jina kwenye orodha ni bure. Ndiyo maana, nadhani, walichagua kufuta.

Ngazi ya masomo pia si kipimo kisicho na upande. Anayefika uzamivu kwa kawaida ametoka katika chuo kikuu kinachojulikana, ana mfadhili, ana posho. Anayekwenda kuchukua stashahada ya ufundi ndiye aliyejichangisha kwa ndugu na kuuza ng'ombe. Sheria inamwambia wa kwanza aje na mkewe afanye kazi, na wa pili, ambaye ndiye aliyeuhitaji zaidi mshahara huo wa pili, aje peke yake. Kanada hiyo hiyo, kuanzia 1 Januari 2024, ilipandisha kiasi ambacho mwanafunzi asiye na familia lazima aonyeshe kwa ajili ya kujikimu kutoka dola 10,000 hadi dola 20,635, bila kuhesabu ada wala nauli. Kiwango cha zamani kilikuwa hakijaguswa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kupandishwa kulikuwa haki. Lakini kupandisha kinachotakiwa na kuondoa anayekichuma, ndani ya miezi michache, kunaonyesha ni nani anayetakiwa kubaki kwao.

Kisha lipo suala la kuthibitisha kwamba huyo ni mwenza wako. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka watu wakawajua kuwa ni mke na mume, itachukuliwa kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni kifungu cha busara, kimeokoa wajane wengi. Kanada nayo inamtambua mwenza mliyeishi naye mwaka mzima bila ndoa, na Uingereza imekuwa ikitaka miaka miwili. Ukisoma hivyo utadhani tumeelewana. Hatujaelewana. Ofisa wa viza anataka karatasi: mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bili zinazokuja kwa majina yenu. Mkataba wa chumba cha Mbagala, kama upo, una jina la mmoja. LUKU ya umeme imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Akaunti ya pamoja wengi wetu hatuna, na wenye akili hawaitaki. Ushahidi wetu ni wa aina nyingine: mjumbe wa nyumba kumi, mashangazi waliopokea mahari, mtoto mwenye sura ya baba yake. Hakuna kisanduku cha mambo hayo katika fomu ya intaneti. Kwa hiyo watu waliokaa pamoja miaka tisa hukimbilia kwa Mkuu wa Wilaya kufunga ndoa wiki mbili kabla ya kutuma maombi, halafu ofisa anaiona tarehe ya cheti na kuandika kwamba ndoa inaonekana ni kwa ajili ya viza.

Mwenye wake wawili nisimwongelee sana. Sheria yetu inamtambua; ya wenzetu inamtaka achague mmoja, na kikao cha kuchagua si cha gazeti la Jumapili.

Nimeona jambo hili linavyomwangukia mwanamke kwa uzito wake. Vyuo vyetu vikuu vinahimiza wanawake wachukue uzamivu, na kwa miaka ya karibuni wanajitokeza. Mwanamume akipata ufadhili, mke hubaki na watoto na hakuna anayeshangaa. Mwanamke akiupata, kikao huitwa.

"Mwanangu," shangazi ataanza, "tumefurahi sana. Lakini huyu mwenzio umemwandalia nini?"

"Shangazi, nchi ile haimruhusu kazi."

"Basi na wewe umejibiwa."

Na kweli amejibiwa. Hakuna aliyemkataza kwenda. Ni kanuni tu ya nchi ya mbali, isiyotaja mwanamke popote, iliyoingia sebuleni na kukaa upande wa shangazi. Barua ya ufadhili inaahirishwa mwaka mmoja, halafu inakufa. Sina takwimu za barua zilizokufa namna hiyo, na sidhani kama kuna wizara inayozihesabu.

Zipo nchi zilizoamua vingine bila kuanguka. Ujerumani imeandika katika sheria yake ya ukaazi kwamba anayepewa ukaazi wa kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi. Kumpatia huyo mwenza viza ni safari nyingine: kipato, nyumba yenye nafasi, mara nyingi na cheti cha Kijerumani cha mwanzo, miadi ya ubalozini inayosubiriwa miezi. Lakini akifika, mikono yake ni yake. Sweden humpa mwenza wa mwanafunzi haki ya kufanya kazi iwapo kibali ni cha zaidi ya miezi sita. Australia, yenye ukali wake katika mambo mengine, inamruhusu mwenza wa anayesoma uzamili au uzamivu kufanya kazi bila kikomo cha saa, na wengine saa 48 kwa wiki mbili.

Sweden pia imetufundisha njia ambayo haihitaji kibali chochote cha mwenza. Tangu miaka ya 1970 imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Muhimbili nayo ikafaidika, katika uzamivu wa kwenda na kurudi. Mwanafunzi anakaa Uppsala, Umeå au Stockholm miezi kadhaa, anarudi nyumbani kukusanya takwimu, anakwenda tena. Analipwa mshahara wake, nyumba haivunjiki, na akihitimu tayari yuko kazini kwake. Wengi wa maprofesa wetu wa tiba walipita huko. Fedha za misaada za aina hiyo zinapungua sasa, na ninaona ni hasara kubwa kuliko tunavyokiri.

Hata pale kibali kinapotolewa, tusidanganyane kuhusu kazi yenyewe. Mwenza mwenye cheti cha uuguzi cha Tanzania hataingia wodini Manitoba, Kanada, kwa sababu ana kibali. Bodi ya taaluma ya huko itamtaka afanye mitihani, na mitihani ni fedha na miaka. Atakwenda kulea wazee, kusafisha ofisi usiku, kubeba boksi kama tunavyosema. Wapo wanaodhani kubeba boksi ni aibu na kumwonea huruma. Mimi namwonea huruma yule asiyeruhusiwa hata hilo boksi. Uingereza, ambako nyumba za wazee zimekuwa zikilalamika miaka nenda rudi kwamba hazina wafanyakazi, iliwafungia wenza wa wanafunzi Januari 2024, na Machi 11 mwaka huo huo ikawakataza walezi wenyewe wanaotoka nje kuja na familia zao. Wazee wa Kiingereza hawakuulizwa.

Kwa anayeshika barua ya kukubaliwa chuo Marekani leo, nina jambo moja la vitendo, kwa sababu naona watu wengi wenye shahada zao wanalikosa. Mbali na F-1 kuna viza ya J-1, ya mpango wa kubadilishana wasomi, ambayo wengi wa wanaofadhiliwa, wakiwemo wa Fulbright, huipata. Mwenza wa J-1, yaani mwenye J-2, anaweza kuomba ruhusa ya kazi, ilimradi kipato chake kisihesabiwe kuwa ndicho kinachomtunza mwanafunzi. Kama sehemu kubwa ya fedha zako inatoka kwa mfadhili au chuo na si mfukoni mwako, una haki ya kukiuliza chuo kama kinaweza kukupokea kwa njia hiyo. Wengi wa wenye J-1 hufungwa na sharti la kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa anayetaka kubaki Marekani, huo ni mtego. Kwa mhadhiri aliyesaini mkataba wa kurudi kufundisha Dodoma, si sharti hata kidogo. Ni ratiba aliyokuwa nayo tayari. Wizara ya Elimu na vyuo vyetu vingepaswa kuandika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa ruhusa ya masomo: nchi unayokwenda, viza unayopewa, na mwenza wako anaruhusiwa nini. Leo mtu analijua akiwa ameshapanda ndege.

Na tukishamaliza kuwasema wa Ottawa na London, tujitazame. Tanzania ina Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015: asiye raia hafanyi kazi bila kibali, na pasi ya utegemezi si kibali cha kazi. Kenya nayo ina pasi ya utegemezi isiyoruhusu ajira. Mwanafunzi wa Bujumbura anayesoma uzamili Dar es Salaam, au Mtanzania aliyeko Nairobi, mwenza wake yuko katika hali ile ile ya F-2 tuliyoilaani hapo juu, tofauti ni theluji tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenza na watoto wake, na hao nao kuajiriwa au kujiajiri. Haki hiyo imeandikwa kwa jina la mfanyakazi. Mwanafunzi anapewa pasi ya kusoma. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi zetu, wakiwa hapa Dar es Salaam, walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mtu asome popote kama yuko kwao. Lakini mke wa yule mwanafunzi wa Bujumbura, anayesuka nywele Sinza, bado anasuka akichungulia mlango, hana leseni, halipi kodi, na mteja akimdhulumu hana pa kushtaki. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala na lina sauti kwa mawaziri wa elimu. Lingeweza kupeleka pendekezo la mstari mmoja kwamba, kwa raia wa Jumuiya, haki aliyopewa mwenza wa mfanyakazi apewe pia mwenza wa mwanafunzi aliyesajiliwa na anayehudhuria darasani. Halihitaji bajeti, na ofisa wa Uhamiaji anayelitekeleza tayari ana muhuri mezani.